Kisu Namba Kumi na Tisa

Fundi miwani alikuwa na visu kumi na vinne vya kukunja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitu. Usicheke. Kwa watu wa ugonjwa wake, kisu kikishamenya chungwa moja tu, bei inaporomoka nusu nzima. Ndiyo maana machungwa ya nyumbani kwake yalimenywa kwa kisu cha jikoni, butu la kupindukia, ambacho hata nyanya kilikuwa kinaibembeleza kwanza. Mkewe alikuwa akiomba kinolewe tangu mwaka jana.

"Chuma chenyewe bati tupu," fundi alimjibu. "Hakistahili jiwe langu."

Mke alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ya umeme ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na kifuniko cha mkanda wake kilikuwa kimeng'oka. Mume aliahidi kukirudishia. Ahadi hiyo ilikuwa imetimiza miezi mitatu, na afya yake ilikuwa njema kabisa.

Si kwamba fundi alikuwa mvivu. Alikuwa na shughuli. Katika simu yake mlikuwa na kundi la watu thelathini waliobishana kuhusu vyuma kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Huyu anatetea chuma cha kaboni, kwamba kinanoleka upesi. Yule anamrudi kwamba chuma chako hicho hata jasho la kiganja linakitia kutu. Fundi yeye alikuwa mtu wa chuma cha unga, kile kinachoshindiliwa kutokana na vumbi la madini, ambacho ukikinoa mara moja kinakata mwaka mzima. Mwaka mzima kinakata nini? Hilo halikuulizwa kundini.

Kipenzi chake kilikuwa Namba Kumi na Tisa. Visu vya toleo lile vilitengenezwa mia mbili tu, kila kimoja na namba yake kwenye bapa, kisha mtengenezaji akaapa hatengenezi tena. Bei yake ilitosha cherehani mbili mpya, na chenji ya nyuzi ikabaki. Sasa mwenzake wa kundi, wakili mmoja, alikuwa na Namba Saba ya toleo la kwanza, vile vilivyotengenezwa hamsini, mpini wa pembe, bei ya cherehani tatu. Na wakili alikuwa radhi kubadilishana, mkono kwa mkono, bila nyongeza, kwa sababu eti alizaliwa tarehe kumi na tisa. Fundi aliposikia hivyo usingizi ulimpaa. Ngekewa gani hiyo?

Kasoro ilikuwa moja. Kadi ya uthibitisho iliyokuja na kisu ilipotea walipohama nyumba.

"Bila kadi nitajuaje kwamba hakijakata?" wakili alimwambia kwenye simu. "Mtu anaweza kukata kamba, akanoa vizuri, hata lenzi isione kitu. Mimi nataka ushahidi."

"Si nimekupa neno langu?"

"Neno lako nalijua, ndugu yangu. Nataka ushahidi. Jumamosi saa kumi nakuja."

Jumamosi hiyo, saa saba, fundi aliketi sebuleni akikipangusa Namba Kumi na Tisa kwa kitambaa cha lenzi. Bapa lilikuwa wazi mkononi mwake. Hatua mbili kutoka hapo mkewe alikuwa anakimbizana na sare ya shule iliyotakiwa jioni. Aliinama kuokota mkasi ulioanguka na kuteleza nyuma ya mashine, na ncha ya mtandio wake ikateremkia kule kusikokuwa na kifuniko. Mkanda ukaidaka. Mtandio ukajizungusha, shingo ikavutwa hadi shavu likagonga mashine, na kwa kihoro mguu wake ukazidi kuikanyaga pedali.

"Kata!" akalia. "Kata, baba! Ka..."

Sauti ikakatika.

Tuseme kweli, maana hakuna wa kumficha: fundi alisimama. Alimtazama mkewe, akautazama mtandio, akakitazama kisu. Mtandio ulikuwa na nyuzi za kumetameta, na nyuzi za aina hiyo zinakwaruza bapa. Hilo ndilo lililomjia kichwani, tena kwa ufasaha mkubwa. "Subiri, nakuja!" akasema. Akakikunja kisu taratibu, kama ilivyo desturi, akakitia kwenye mfuko wake wa ngozi, kisha akatoka mbio kwenda jikoni.

Aliporudi na lile butu, mkewe alikwishapapasa ukutani akang'oa plagi mwenyewe, na sasa alikuwa analirudisha gurudumu nyuma kwa mkono huku pumzi ikimpigia mluzi. Fundi akaanza kuukereza mtandio. Kisu kikautafuna, hakikuukata.

Mke akamwondoa mkono. "Acha. Nimeshatoka."

Angemfokea ingekuwa nafuu. Alikaa akisugua shingo, penye mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio, kisha akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "Kile ulichokuwa nacho mkononi kilikuwa na nini?"

"Wakili anakuja saa kumi."

"Ahaa."

Aibu ilimshika fundi mpaka masikio yakamwaka. Akatafuta bisibisi, akapiga magoti, akakirudishia kifuniko cha mkanda. Skrubu mbili, dakika nne.

Saa kumi kamili wakili alipiga hodi. Alikaribishwa, akaketi kiti kilekile cha fundi, akatoa lenzi, akalichungulia bapa hadi kahawa ikapoa. "Safi," akasema. "Lakini ndugu, tulizungumza. Ushahidi."

Mke akasimamisha mashine.

"Shemeji unataka ushahidi?" Akaja hadi mezani, akafungua kola. "Huu hapa. Leo mchana mashine ilinikaba. Mwenzangu alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, kisu hicho kiko wazi mkononi. Akakikunja, akaenda kutafuta kingine jikoni."

Wakili aliutazama ule mstari. Akamtazama fundi, ambaye alikuwa anakagua sakafu. Muungwana angeaga hapohapo, lakini wakili naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule.

"Pole sana, shemeji," akasema. "Hapo sina swali." Akamsukumia fundi Namba Saba.

Fundi alitaka kukataa. Kinywa kilifunguka kabisa, tayari kwa kukataa, ila mkono ulikwishapokea.

Mgeni alipoondoka, mashine ilianza tena kunguruma. Fundi alikaa na kisu chake cha pembe, bei ya cherehani tatu, na kwa mara ya kwanza hakupata hamu ya kuliandikia kundi. Aliinuka. Alisogea hadi kwenye mashine, akakifungua kisu, na kwa kidole akaonyesha uzi uliokuwa unaning'inia kwenye ukosi wa sare.

"Lete nikukatie," akasema.

Mkewe aliivuta sare upande wake.

"Weka, baba," akamwambia kwa upole. "Utakishushia bei."

Akauinamia ule uzi, akaukata kwa meno.