Gumba la Kinyozi

Baba yangu ni kinyozi. Wateja wake anawakumbuka kwa shingo zao, majina humtoka. Wiki nzima alikuwa akinyoa, Jumapili anakwenda mtoni kuvua samaki, na kwa miaka thelathini na ushei kazi hizo mbili alizifanya kwa kidole kimoja, gumba la mkono wa kulia. Mimi ni mwanawe wa pekee, fundi wa kukereza vyuma, na samaki hata siwapendi.

Lazima nieleze habari za gurudumu lake, la sivyo mtaniona sina akili mapema kuliko inavyostahili. Wavuvi wengine pale mtoni wana mashine za kuviringishia mshipi zenye meno, breki na vitufe. Baba ana gurudumu tupu: sahani ya chuma yenye upana wa kiganja, imechomekwa kwenye pini moja katikati, mshipi umezungushiwa. Basi, hakuna kingine. Unatupa ndoana, boya linachukuliwa na maji, mshipi unatoka, na gurudumu linazunguka lenyewe bila kukwama. Breki ni gumba lako. Ukiligusisha ukingoni, boya linapunguza mwendo. Samaki akikimbia unalikandamiza, lakini kwa adabu, mshipi usije ukakatika. Baba alikuwa akisema mashine zenye breki zimetengenezewa watu wasio na uhakika kama wana mikono.

Kisha kiharusi kikampitia. Kilikuwa kidogo, madaktari walisema, wakatupongeza kana kwamba tumekichagua wenyewe. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini gumba lilibaki limekufa ganzi. Mtaalamu wa mazoezi akampa mpira wa kubinya mara mia kila siku. Baba aliubinya mara nne, akauliza kama anaonekana mtu wa kukamua machungwa, akautupa juu ya kabati.

Duka lake la kunyolea likafungwa. Jumapili moja alikwenda mtoni peke yake, akarudi kabla ya chakula cha mchana na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na mshipi wote, umejifunga mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho, kwa sababu gurudumu lilikimbia na gumba halikujua. Alimpa mama mfuko bila salamu, akaenda kulala na viatu. Mama alifundua mafundo yale mpaka jioni. Niliumia sana siku ile, na mimi nikiumia huwa nakwenda karakana.

Nilimwambia baba naliazima gurudumu nilipake grisi. Nilichofanya ni kuchimba matundu mawili nyuma ya sahani, nikafunga springi ndogo na kipande cha ngozi, ili ngozi iguse chuma kidogo tu na kulizuia lisikimbie ovyo. Kwa nje huoni kitu. Ilikuwa kazi safi, hata kama ni mimi ninayejisifu.

Jumapili ya kwanza nilimsindikiza. Alirusha, boya likaenda taratibu, gumba lake likakaa ukingoni kwa heshima zote likijifanya linafanya kazi. Alipata samaki wawili wa kiganja.

"Limekuwa zito kidogo," akasema.

"Ni grisi mpya, baba. Itazoea."

Baada ya hapo alikwenda mwenyewe. Wiki ya pili nikamuuliza gurudumu linaendeleaje. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa, akasema, "Limezoea. Linazunguka kama zamani." Nikajua ngozi imelainika vizuri, nikajipa hongera njia nzima ya kurudi kwangu.

Wiki ya tatu alipata watano. Wiki ya tano alipata samaki wa kilo tano na nusu, na mtaa mzima ukapata habari. Alisimulia kwa fundi viatu, kwa muuza magazeti, kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji na kuondoka bila kuisoma. Kila aliposimulia aliinua gumba juu. "Hiki hapa," alisema. "Walinipa mpira nikabinye. Mimi nimembinya samaki." Hospitali hakwenda tena. Mimi nilikuwa nachekelea pamoja na wengine huku moyo ukinisuta, maana kila alipolisifu gumba lile nilikuwa nasikia springi yangu.

Halafu siku moja, tukiwa mezani, akasema, "Jumamosi nafungua."

"Unafungua nini?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Bucha. Nafungua nini mimi? Kidole kilichomsimamisha samaki vile kitashindwa na ndevu za mwalimu?"

Mwalimu ni mteja wake wa siku nyingi, mstaafu, shingo ndefu yenye ngozi inayoning'inia. Nikaiona shingo ile. Wembe wa baba ni ule wa kukunja, na kinachoushika shingoni mwa mtu ni gumba.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwambia mama kila kitu. Hakunigombeza, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Kamwambie," akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

"Mwambie kabla hajaufungua wembe. Ukishafunguliwa, yatakupotea hata hayo maneno machache uliyonayo."

Jumatano nikaenda. Nilimkuta kinyozini amefagia, amefuta kioo, ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi huku akipiga mluzi. Tangu augue sikuwa nimemsikia akipiga mluzi. Nikamuuliza kama anahitaji balbu mpya, akasema hapana, nikaenda zangu. Ijumaa nikarudi, na mazungumzo yakawa kuhusu bawaba ya mlango. Mwisho nikapata mpango: Jumamosi nitakaa mimi wa kwanza. Kama lazima mtu akatwe, akatwe aliyesababisha. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa mwoga mwenye shingo.

Jumamosi saa tatu tulikuwa wateja watatu. Mwalimu alikaa kwenye benchi na gazeti, na pembeni yake fundi viatu, ambaye ndevu zake zilikuwa zimemsubiri baba miezi minne. Baba alikuwa amelileta gurudumu kuwaonyesha. Alinifunika kitambaa, akanipaka povu hadi kwenye kope, nikafumba macho. Nikasikia akiligonga gurudumu kwa kidole, na mwalimu akisema, "Ajabu, halisimami hilo." Mtu mwenye akili angefumbua macho aangalie. Mimi niliyabana zaidi.

Wembe ukagusa shavu la kulia. Ukashuka, ukarudi, ukashuka tena. Sikusikia kitu ila ule mkwaruzo mdogo wa ndevu zikiondoka. Alimaliza shavu lote bila kunigusa vibaya hata mara moja, na hapo pia mtu mwenye akili angejiuliza. Lakini wembe ulipofika chini ya kidevu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, subiri. Kuna springi."

"Kuna nini?"

"Ndani ya gurudumu. Niliweka springi na ngozi ili lisikimbie. Si gumba lako, baba. Samaki wote wale, hata yule mkubwa. Ni springi."

Mwalimu akashusha gazeti. Baba akaufuta wembe, akauweka chini. Mimi, naona aibu kusema, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Baba akavuta droo, akanipa bisibisi. "Fungua."

Nikafungua, nusu ya uso ikiwa povu. Ndani kulikuwa na pini, na matundu yangu mawili. Springi haikuwapo, wala ngozi.

"Unatafuta kile kingozi?" baba akauliza. "Nilikitoa. Jumapili ya pili, palepale mtoni. Nilijua umesahau takataka za karakana mle ndani. Nikasema ninyamaze. Fundi mzima, nikakuaibishe ya nini?"

"Jumapili ya pili?"

"Ya pili."

Fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka, mwalimu akafuata, na mimi nikacheka kuliko wote. Samaki wote isipokuwa wale wawili wa kiganja walishikwa na gumba lake mwenyewe. Mto ulikuwa umefanya kazi ambayo mpira wa hospitali haukupewa nafasi ya kuifanya. "Baba, umepona!" nikapiga kelele. "Umepona kweli!"

Baba hakucheka.

"Kwa hiyo wiki zote hizi," akasema, "nilikuwa najisifu, na wewe unaniangalia."

"Baba, mimi nilitaka tu..."

"Mama yako anajua?"

Nikaigeuzageuza bisibisi mkononi.

"Na leo umewahi kukaa wa kwanza ili nisije nikamkata mwalimu."

"Baba..."

"Nijibu."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, akauchukua wembe. Ndipo nikamwona akifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya maisha yangu yote: alilitazama gumba. Akalisogeza mbele kidogo kwenye shina la wembe, akalirudisha nyuma, akalisogeza tena, akitafuta mahali lilipokuwa likikaa siku zote bila kuulizwa. Na mkono ukaanza kutetemeka. Dakika tano kabla ulikuwa umeninyoa shavu zima kwa utulivu. Niliuona ukitetemeka kwenye kioo, naye akaniona nikiuona.

Mwalimu akakumbuka kwamba ana kikao. Fundi viatu akasema hana hakika kama alifunga mlango wa kibanda. Waliaga kwa adabu, mmoja mmoja, wakaondoka na ndevu zao, na kila mmoja akasema atapita wiki ijayo. Baba akawaitikia vizuri, akawafungulia mlango. Mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na kiti.

Aliporudi akaniambia, bila kunitazama, "Kanawe uende zako. Inatosha."

Povu lilikuwa limeanza kunikauka. Ningeweza kuinuka. Mlango ulikuwa wazi, na wembe ulikuwa ukigongagonga ukingo wa bakuli la sabuni kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka.

"Upande huu bado, baba," nikasema.

"Umeuona mkono."

"Nimeuona."

"Huogopi?"

"Naogopa."

Nikaegemeza kichwa nyuma, nikamwachia shingo. Nikasikia brashi ikikoroga sabuni upya. Akanipaka povu tena, taratibu, akanishika kidevu kwa mkono wa kushoto. Alinikata chini ya sikio, halafu akanikata tena karibu na koo, pale penye ngozi laini. Sikutikisika.

"Nimekukata?" akauliza, na kioo kikubwa kilikuwa mbele yetu sote wawili.

"Hapana, baba."

Akabandika pamba mahali pa kwanza, akabandika na pa pili, akaniambia ninyamaze, nikiongea shavu linacheza, akaendelea kuninyoa.