Mkufunzi Aliyekataa Kula

Mke wangu Pisila alikuwa na namna yake ya kuweka sufuria mezani akiwa ameudhika. Hakuibamiza. Aliiweka taratibu mno, kama mtu anayeweka yai, kisha akakaa akiitazama bila kusema neno. Mwaka ule aliosomea ualimu niliona sufuria nyingi zikiwekwa namna hiyo. Naandika haya sasa kwa sababu jikoni hakuna anayeniudhikia tena, na sitaki kusahau.

Pisila alikuwa na shahada ya biolojia aliyoisomea Fiji kabla hatujaoana. Mimi niliishia sekondari, nikarudi hapa Haʻapai, visiwa vya Tonga, kulima viazi vikuu na kufuga nguruwe. Yeye alifundisha shule ya kanisa ya kijijini kwetu miaka mingi bila cheti cha ualimu, na hakuna aliyemuuliza. Kisha bodi ya shule ikatangaza kwamba mwaka ukiisha, asiye na stashahada ya uzamili ya ualimu atoke darasani. Basi mke wangu, mwenye mvi na watoto wazima wanaoishi Auckland, akawa mwanachuo upya. Akawa anafanya mazoezi ya kufundisha katika darasa lile lile alilolifundisha siku zote.

"Nafanya mazoezi ya kutembea, baba Lesieli," aliniambia, "na nyayo zimeshaisha kwa kutembea."

Kazi zote za kuandika alizimaliza. Kilichobaki ni mkufunzi wa chuo aje kutoka mji mkuu, Nukuʻalofa, amwone akifundisha. Akaja mmoja anaitwa Daktari Sefanaia, mtu mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, amekulia mjini na kusomea ng'ambo. Akaja katika juma lile ambalo azimio la kazi lilisema: uzazi wa binadamu.

Kwetu kaka na dada hawakai pamoja mazungumzo ya namna hiyo yakiwa yanaendelea. Hata filamu ikifika penye kukumbatiana, mmoja wao huinuka akaenda kutafuta maji ya kunywa ambayo hana kiu nayo. Na mjukuu wa kaka ya bibi yako naye ni dada yako, kwa hiyo darasa la kijiji kama chetu ni kaka na dada watupu. Pisila alifanya kama alivyofanya miaka yote: wasichana kwanza, wavulana baada ya mapumziko. Daktari akawaona wasichana, akafunga mkoba.

"Mwalimu, nimeona nusu ya darasa," alisema.

"Nusu nyingine hiyo hapo uwanjani, Daktari. Subiri kengele tu."

"Andalio lako la somo linataka darasa zima, kipindi kimoja. Siwezi kukupitisha."

"Lakini wewe ni Mtonga mwenzetu. Mimi nikueleze nini?"

"Undugu tunauacha getini, mwalimu. Humu ndani kuna wanafunzi tu."

Shangazi yake Pisila, Manusiu, alikuwa amesimama kwenye baraza na sinia la nyama ya nguruwe na magimbi, limefunikwa kitambaa. Daktari akampita. Akasema ndege inamsubiri, asante sana, siku nyingine.

Shangazi alibaki na sinia lake mikononi. "Hajala," alisema. "Mtu kaja, kaondoka, hajala. Hata hatujamuuliza ni wa nani."

"Ni wa chuo, shangazi," Pisila alimjibu. "Wale hawana mama."

Jioni ile sufuria iliwekwa mezani polepole kuliko siku zote.

Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu, na somo liwe lile lile. Akishindwa tena aanze stashahada upya mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata asingekuwa na darasa. Aliandika kuomba abadilishiwe somo. Wakajibu kwamba taratibu ni taratibu. Aliomba aletwe mkufunzi mwingine. Wakajibu kwamba wa biolojia ni huyo huyo. Nikamwambia labda angeacha tu, tungeishi kwa viazi. Alinitazama nikaenda kuangalia nguruwe.

Mwishowe alikata shauri kufanya kama anavyotakiwa, wote pamoja. "Wanataka darasa zima, watalipata zima," alisema. Habari ikazunguka kijiji kabla hajamaliza chai. Baba yake Folau na Neomai, watoto wawili wa darasa lile, alinijia shambani.

"Kitione, mwambie mkeo. Wanangu wakikalishwa pamoja kusikia mambo hayo, nawatoa shule."

"Kamwambie mwenyewe."

"Aa, mimi namwogopa."

"Na mimi je?"

Tukasimama pale, wanaume wawili na majembe, tukizungumzia mvua.

Siku yenyewe nilikwenda naye kubeba zana zake za kufundishia. Alikuwa ameshona mfuko wa uzazi kwa foronya ya zamani, na kamba ya mkonge ikawa kitovu. Kulikuwa na michoro mikubwa pia. Tulipofika, wasichana walikuwa wamejibanza kwenye baraza, wavulana chini ya tangi la maji, na hakuna aliyekuwa tayari kuingia kwanza. Neomai alikuwa analia. Folau alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Daktari Sefanaia alishuka kwenye gari la mwalimu mkuu. Safari hii shangazi Manusiu hakusimama barazani. Alisimama katikati ya mlango wa chumba cha walimu, na ni mama mpana.

"Utakula," alisema.

"Mama, kipindi kinaanza sasa hivi…"

"Kipindi kitakukuta. Kaa hapo."

Alikaa. Mtu mwenye shahada tatu, akakaa kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani. Shangazi akafungua majani ya magimbi, nyama ya kopo na tui vikatoa mvuke, akamtazama mpaka tonge la kwanza lilipopita. Pisila alisimama dirishani, chaki mkononi, anatazama nje kwa watoto wake waliokataa kuingia.

"Haya. Wewe ni wa nani?" shangazi aliuliza.

Akataja baba yake. Shangazi akatikisa kichwa, jina hilo halijui. Akataja babu yake. Shangazi aliacha kupunga nzi.

"Yule wa kisiwa cha Haʻano? Mwenye kovu la shoka shingoni?"

"Ndiye. Mama ulimjua?"

"Nilimjua! Mama yangu na yeye walinyonya ziwa moja! Mjomba wangu yule! We mtoto, baba yako alipelekwa mjini na wamisionari akiwa hajui kufuta kamasi, tukasikia tu kaoa." Kisha akageuka polepole kuelekea dirishani, kidole kimenyooka. "Na huyu ni binti wa kaka yangu. Huyu ni dada yako."

Daktari aliliweka gimbi chini. Niliona masikio yake yakiwa mekundu, halafu akafanya kile ambacho kila mwanamume wa kwetu hukifanya bila kufikiri: akageuza macho, asimtazame Pisila usoni.

"Basi," alisema akiutazama ukuta. "Basi… mwalimu. Dada. Tubadilishe somo. Fundisha maua."

"Maua?" alisema Pisila.

"Uchavushaji. Ni uzazi pia. Nitaeleza chuoni."

Nilikuwa nimemzoea Pisila wa sufuria, yule wa taratibu. Huyu sikuwa nimemwona.

"Maua! Nimeandika barua, nimeomba, nimeambiwa taratibu ni taratibu! Nimetukanwa na kijiji kizima kwa ajili yako! Nimeshona foronya! Mume wangu kabeba mfuko wa uzazi kwa miguu mbele ya mchungaji! Mtoto wa watu analia pale nje kwa sababu ulisema undugu unabaki getini. Leo umekugusa wewe, ndio unajua hauachwi getini?"

"Dada, siwezi kukaa mle ndani ukiyasema yale."

"Na wao waliweza?"

"Hawakuweza," alisema, kwa sauti ndogo. "Nilikosea. Lakini siwezi kuandika kwamba nimeona kitu ambacho sikukiona. Na nisipoandika leo…"

Ndege ya jioni ilikuwa ya mwisho kabla chuo hakijafunga matokeo.

Pisila aliiweka chaki mezani. Aliiweka taratibu, kama yai. Akaitazama. Shangazi alitaka kusema kitu nikamshika mkono, kwa sababu nilimjua mke wangu, nilijua pale ndipo anapofikiri.

"Ukiyasema," alisema mwishowe. "Umesema, nikiyasema. Baba Lesieli, njoo tugeuze mabenchi."

Darasa lile lilikuwa na ubao mbele na ubao mwingine wa zamani nyuma, ambao tulikuwa tukitundikia kalenda. Tuligeuza mabenchi ya nyuma yakaangalia nyuma. Wavulana wakaangalia mbele, wasichana wakawapa wavulana mgongo. Alichora upande huu, akachora upande ule. Mfuko wa foronya akaupitisha kwa wasichana, kisha akaupeleka kwa wavulana. Kila mtoto akapewa vipande vya karatasi. Akaandika kwenye mbao zote mbili kwamba leo hakuna mtu kutoa sauti, wala yeye, na mwenye swali aliandike bila jina.

Watoto walipoona vile waliingia. Folau akapita mbele, Neomai akapita nyuma, hakuna aliyemwona mwenzake. Daktari Sefanaia alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaenda kukaa na wavulana, kwenye benchi la pembeni, magoti yakimfika kifuani.

Nilitazama kupitia dirishani. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Chaki ikipiga mbele, halafu nyayo, halafu chaki ikipiga nyuma. Vikaratasi vilikuja vingi mpaka vikajaa kikapu chake, kwa sababu hakuna aliyemwonea haya mtu. Alivisoma, akajibu ubaoni, akafuta, akaandika tena. Kimoja alikisoma akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, akasimama akiuelekea ukuta mpaka kicheko kikamwishia. Kisha akakijibu kwa urefu, kwa mchoro. Sijui kiliuliza nini. Hakuniambia hata nilipombembeleza.

Kengele ilipolia watoto walitoka kwa milango miwili. Daktari alibaki benchini akiandika, uso kwenye karatasi. Alitoka bila kumtazama Pisila, akaenda moja kwa moja chumba cha walimu, akamaliza sinia lote, shangazi akimpangusia kola.

"Umekonda," shangazi alimwambia. "Mjini hawakulishi."

"Wananilisha, shangazi. Nakataa mimi."

Pisila alifaulu. Habari ilifika kwa simu ya mwalimu mkuu, naye alipoambiwa aliketi kwenye ngazi ya shule akasema, "Haya. Sasa naweza kufanya kazi niliyokuwa naifanya." Alifundisha darasa lile mpaka sukari ilipomchukua miguu, na kila mwaka juma hilo mabenchi yaligeuzwa. Walimu wengine wanayageuza mpaka leo.

Tulipomzika, Sefanaia alikuja kwa meli. Sikumtambua. Ndugu wa kiume wa marehemu kwetu ni watu wa chini msibani: hujifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochakaa, na kazi yao ni moto. Wake ulimfika kifuani, umeraruka, nyuzi zinaburuta. Alikaa nyuma ya nyumba na wapishi siku zote za matanga, akifukia nguruwe kwenye tanuri la shimo, macho mekundu kwa moshi. Nilimkuta pale anageuza mawe kwa kijiti.

"Kaka, pumzika kidogo," nilimwambia.

"Nimeambiwa nisipumzike. Shangazi yuko ndani ananihesabia."

Nikachuchumaa karibu yake. Kulikuwa na jambo nililotaka kumuuliza miaka yote.

"Ile fomu yenu ya kumwona mwalimu," nikasema. "Si ina mahali pa sauti? Pisila aliniambia ipo. Alikuwa anaiogopa hiyo."

"Ipo. Sauti ya mwalimu, alama kumi."

"Uliandika nini pale?"

Alisukuma jiwe moja mahali pake. Moshi ulitupiga wote wawili, akageuza uso.

"Niliandika kwamba inafika mpaka benchi la nyuma," alisema. "Nikampa zote."

Ndani walikuwa wameanza kuimba. Akanipa kijiti kingine, tukafukia nguruwe pamoja.