Balbu Nzima

Mama Balbu alikuwa amepanda stuli ya jikoni abadilishe balbu iliyoungua, na ile mpya ikamwakia mkononi kabla hajaifikisha kwenye soketi. Akaigeuza huku na huku. Swichi ilikuwa imezimwa, na hata ingewashwa ingekuwa kazi bure, maana umeme wenyewe ulikatwa juma lililopita kwa kutolipiwa.

"Nzima," akasema, kwa mazoea.

Ndilo neno alilolisema kwenye kiwanda cha balbu tangu usichana wake hadi akapata wajukuu. Alikuwa mpimaji. Balbu ikiwaka ni nzima, inawekwa kulia. Isipowaka ni mbovu, inatupwa kushoto. Mwanga ulimwingia kidogo kidogo, kama unga unavyomganda mtu wa mashine ya kusaga, na sasa kwa kuwa kiwanda kimefungwa, ulikuwa umeanza kutoka.

"Umeme umerudi?" mumewe akauliza kutoka sebuleni. Alikuwa seremala, hadi mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili.

"Haujarudi. Ni mimi."

"Haya. Angalia usianguke, mama."

Hospitali ilishasema macho yale yakipasuliwa yatapona. Iliyobaki ilikuwa gharama, na gharama hiyo ilikuwa ikingoja kiinua mgongo cha Mama Balbu.

Kiwandani walikuwa na mtindo wao. Siku ya malipo watu walitia saini asubuhi wakiingia, ili jioni wapite tu dirishani kwa keshia, wachukue bahasha na kwenda zao. Haikuwahi kuharibika. Siku ya kufunga walitangaziwa kwamba biashara imekufa, poleni sana, kila mtu atalipwa kiinua mgongo cha miaka yake yote. Wakatia saini asubuhi, wengine wakishukuru. Jioni dirisha la keshia halikuwapo. Si kwamba lilifungwa. Palikuwa na ukuta mtupu, rangi imeshachakaa, na buibui amejenga pembeni. Wakaupapasa, wakaupapasa tena, wakarudi nyumbani.

Redio, mfungaji wa maboksi ambaye mdomo wake haukujua likizo, alifika kwa Mama Balbu asubuhi ya pili baada ya balbu kuwaka.

"Shoga, na wewe unawaka?"

"Tangu jana."

"Mimi hata zilizoungua zinawaka. Mume wangu analala na shuka usoni, ananuna kama mimi ndiye niliyejiwasha."

Wakakubaliana waende ofisi ya kazi, wafanyakazi wote, kila mtu na balbu yake, maana hawakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba waliwahi kuajiriwa.

Siku waliyokwenda mawingu ya mvua yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa, na mtaa mzima haukuwa na umeme. Wakajipanga ukumbini, kwenye ngazi, hadi nje barabarani, balbu mikononi. Mwanga ukajaa jengo, ukatokea madirishani, ukapanda kuta za ng'ambo. Ndege wakaanza kuimba wakidhani kumekucha. Muuza viatu akazima taa yake ya betri, akiona ni ubadhirifu. Mama Balbu alisimama akitazama. Maisha yake yote aliona balbu moja moja. Hakujua kwamba kazi yao ilikuwa kubwa namna hii, wala nzuri namna hii.

Afisa wa kazi alikuwa kijana mwenye adabu.

"Karibuni, mama zangu. Afadhali mmekuja, nilikuwa sioni hata meza. Mama, sogea kidogo. Hapo hapo. Asante."

Akafungua faili, akasoma kwa mwanga wao.

"Haki yenu ipo," akasema. "Kiwanda kikifungwa, mfanyakazi analipwa kwa kila mwaka aliotumikia. Hilo halina mjadala."

Redio akapiga kigelegele.

"Lakini mmeshalipwa. Saini hizi hapa."

"Tulitia saini asubuhi, mwanangu," Mama Balbu akasema. "Pesa ni za jioni."

"Jioni haijaandikwa, mama. Hebu angalia, hii si yako?"

Akainama na balbu yake. Mwanga ulikuwa mzuri mno, haukuacha nafasi ya shaka. Ilikuwa saini yake, na kale kamkia anakokavuta mwishoni.

"Ni yangu."

Afisa akasikitika kwa dhati. Kisha akawaomba wasubiri kidogo amalizie na faili nyingine, na wakasubiri, maana si ungwana kumwacha mtu gizani.

"Mwenye nguvu mpishe," Redio akasema wakiteremka ngazi. Hakusema lingine hadi kwake.

Kwa Mama Balbu, seremala alikuwa amekaa mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni haki yetu."

"Basi vizuri. Na pesa?"

"Tulitia saini asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu. Aliujua mtindo ule. Bahasha nyingi zilishaingia nyumbani humo kwa njia hiyo.

Jua lilipozama waliingia ndani. Mama Balbu akashika balbu, na chumba kikawa cheupe, na kile kiti ambacho mumewe hakukimalizia kikaonekana hadi alama za randa. Akaisogeza karibu na uso wa mumewe, karibu zaidi, hadi kope zikatupa vivuli mashavuni.

"Unaona?"

"Nasikia joto," akasema. "Ni nzima hiyo?"

"Nzima," akajibu, akaiweka mezani, upande wa kulia.

Balbu ikazimika, giza likaingia. Mumewe aliendelea kuelekeza uso palepale balbu ilipokuwa imeshikwa.