Bibi Harusi Asiye na Mdomo

Usiku wa jana niliota ni mchana kweupe, niko ufukweni Matema, naipaka sufuria mafuta. Kule ziwani visubi, vijidudu vyenye mabawa, wameinuka kama moshi wa nyumba inayoungua. Kwetu moshi huo ni kitoweo: unazungusha sufuria hewani, wananata, unawafinyanga kuwa mkate, unakaanga. Basi nikazungusha.

Kisubi mmoja akanata, kavaa shela la harusi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Usinifinyange. Nina mayai. Jua likizama kabla hayajagusa maji, nakufa nayo."

Nikamtazama vizuri. Hana mdomo.

"Marahaba. Sasa unaongeaje?"

"Hivihivi. Kusengenya tu ndiyo siwezi."

"Na kula?"

"Kula tulimaliza utotoni. Ukishaota mabawa, mdomo wa nini?"

Sikubishana, maana mdomo wangu nao ulikuwa umeshaondoka. Mimi, niliyewanyamazisha mashemeji wote!

Mara tuko chini ya ziwa, utotoni kwake. Watoto wamejilaza topeni, miili yao kama kioo.

"Mchana tunajificha hapa samaki wasituone," bibi harusi ananieleza. "Giza likiingia tunajaza hewa kwenye vifuko vyetu, tunapanda juu kula."

Mtoto mmoja ananing'inia majini bila kutikisika, na chakula chake chote kinaonekana tumboni. Nikamvulia kilemba aliyewabuni. Wanangu wangekuwa hivi, nisingehangaika kuuliza nani kadokoa nyama.

"Maisha yangu yote nimekaa kwenye tope hili," bibi harusi akasema, "kwa ajili ya jioni moja tu, ya leo."

Mara tuko jikoni. Wifi yangu Tusajigwe ameshainjika sufuria motoni, na bibi harusi yumo ndani.

"Wifi, mbona kimya?" anasema Tusajigwe. "Leo umeokoka?"

Mdomo wa kumjibia sina. Mafuta yanaanza kulia. Naipokonya sufuria, natoka mbio. Nje jua limebaki ukucha tu, na ziwa halipo. Nasikia limekwenda harusini.

"Maji yoyote, mama!" bibi harusi analia. "Sichagui!"

Kabla ukucha haujazama, nikainamisha sufuria kwenye giza la miguuni. Nikasikia *chubwi*.

Nikaamka. Kumekucha. Kwenye glasi ninamoloweka meno yangu ya bandia, juu ya maji, kinaelea kiduara cha mayai madogo mno, yamezungushwa kwa ustadi kama mwanzo wa kusuka ungo. Fundi gani wa hapa kwetu Kyela angeweza?

Tusajigwe akaingia na mahindi ya kuchoma. Akaniangalia usoni.

"Wifi, meno yako wapi?"

"Yanalea," nikamwambia. "Wewe niletee uji."