Kikwembe ya Burse Yangu

Mwalimu mwenye atakuja tena kwetu na tangazo ya mashindano ya kuchora, mi nitamumwangia maji ya sahani! Musikilize kwanza, kisha museme kama niko mubaya.

Mwaka wa kwanza kiwanda ya bikwembe, bile bitenge bya bamama, iliita banafunzi bashindane kuchora michoro yake, zawadi ni burse ya kulipiwa masomo, Mukalay alishinda, na kweli akapewa burse, akaenda kusoma Kinshasa. Mwaka wa pili, Odile naye akaenda. Basi tukaamini sisi wote. Mi zaidi, juu baba yangu Asani, dereva wa camion, alikufia kwa njia ya Kapanga, na mama yangu Kadija alikuwa anauzisha bikwembe sokoni, hakuwa na namna ya kunisomesha mbele. Bila ile burse, masomo yangu ilikuwa imekwisha.

Mwaka wa tatu nikachora maji ya mutoni kule Nzilo: inashuka kwa barrage, ule ukuta wa kuzuia maji, inageuka nyuzi za umeme, nyuzi zinaingia mu manyumba. Nikapaka bleu na manjano. Mwalimu Nkulu akaniambia, "Mwamini, tafuta sanduku ya safari."

Wakatangaza mushindi: Kalenga. Mutoto wa directeri wa kiwanda! Kalenga mwenye hata mwiko hawezi kuichora. Nililia mpaka macho ikavimba.

Kisha bikwembe bikafika sokoni. Mama akakata kamba, akakunjua ya kwanza. Mawe! Maji yangu, bleu yangu, nyuzi zangu, na kwa pindo wameandika jina ya Kalenga.

"Wallahi, hii haipite hivi!" Mama akanivuta mukono mpaka kwa Banza, musimamizi wa kiwanda hapa Kolwezi. Hata kiti hakumupa.

"Citoyenne," Banza akasema, "michoro yote ni ya kiwanda. Kalenga ameisha kwenda kusoma. Mutoto wako afurahi, batu banavaa kazi yake."

Sasa, kwetu kikwembe haipewe jina na kiwanda. Ni bamama ba soko banaipa. Mama akarudi, akapanda juu ya kiti, akaitandaza.

"Bamama! Hii inaitwa Burse ya Mwamini Iko Wapi!"

Bakacheka, bakapiga makofi, bakanunua. Kila mwanamuke mwenye kuzulumiwa akaitaka. Mwenye bwana yake alikunywa mushahara aliivaa na kumupitia mbele makusudi. Ikafika Mutshatsha, ikafika Musumba. Mama alikuwa anatembea kichwa juu. "Umeona? Aibu yote iko kwa bakubwa ba kiwanda sasa. Batakuita tu." Na mi nikangojea waniite, bila aibu.

Siku moja akaja Agnès, muke wa Banza, meno yote nje.

"Mama Kadija, aksanti sana kwa ile jina! Hakuna kikwembe iliuzika hivi. Bakubwa bamefurahi na Kalenga, bamemuongezea burse ingine. Anaenda kusoma Ubelgiji. Unikatie yadi sita."

Mama alibaki na mukono juu ya kikwembe. Na mi, Mungu anisamehe, hasira haikunipanda juu ya Banza wala Kalenga. Ilinipanda juu ya mama yangu.

"Mukatie, mama," nikasema. "Si weye ndiye umemulipia Kalenga ndege?"

Mama akapima yadi sita. Akachukua mukasi, akakata, mukasi ikaenda kombo. Agnès akainua kikwembe, akaangalia pale ilipopinda, akaomba bei ishuke.