Kasia la Mkaguzi Dimri

Mwaka jana Sulochana Panwar alinyimwa leseni ya kuongoza boti la mpira kwa makosa ya abiria wake. Boti lilipofika penye maji makali, mmoja wao alipaza sauti kumsifu Mama Ganga, mungu wa mto huo, "Ganga Maiya ki!" na wote, kama walivyozoea tangu wakiwa wamebebwa mgongoni, wakarusha mikono miwili juu wakaitikia, "Jai!" Makasia matano yakaenda na maji. Mkaguzi Dimri aliyaona yote kutoka ukingoni, na siku hiyo hiyo akatunga kanuni ya tisa: asiachie mtu kasia, liwalo na liwe. Likipotea hata moja, kiongozi amefeli.

Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya Sulochana. Akifeli, anarudi kusugua masufuria kwenye kambi ya watalii, na wale wanaume waliomwambia mto si jikoni watamcheka mpaka mbavu ziwaume. Safari hii Dimri alipanda botini mwenyewe, na makarani wake wanne, na mama yake mzazi.

"Samahani, bwana mkaguzi," Sulochana alisema. "Kanuni ya nne, umri wa abiria mwisho miaka sitini na mitano."

"Mama ana sitini na mitano," Dimri alijibu, macho kwenye daftari.

"Huu mwaka wa kumi sasa ninayo," mama akadakia, akifunga helmeti juu ya mtandio wake. "Sukuma boti, binti. Na huyu mwanangu asikae mbele, tumbo lake litatuzamisha."

Makarani wakajifanya kutazama milima.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," Sulochana akamnong'oneza. "Leo Mama Ganga umtaje kimoyomoyo."

"Atanisikia?"

"Atakusikia."

Mama wa mkaguzi akakubali shingo upande.

Walivuka mkondo wa kwanza salama salimini. Kwenye wa pili, Dimri aliyapa maji kisogo ili akague kama makarani wameshika makasia inavyotakiwa. Sasa we fikiria, mtu mzima na cheo chake, anaupa mto mgongo. Wimbi likamzoa.

Alipoibuka alikuwa amelikumbatia kasia kwa mikono yote miwili. Sulochana akarusha kamba, ikamwangukia begani.

"Shika kamba!"

Dimri hakuishika.

"Achia kasia, bwana mkaguzi!"

"Kanuni ya tisa," Dimri alijibu huku akimeza maji. "Nikiachia, umefeli."

Mbele yake lilikuwa jiwe kubwa kama lori. Sulochana aliliona jiwe, akayaona na masufuria, na roho ikamuuma kwelikweli. Kisha akavuta pumzi akapiga ukelele:

"Ganga Maiya ki!"

"Jai!"

Mikono ya Dimri ikaruka juu, kasia likaenda zake. Makasia ya makarani nayo yakaenda. Mikono iliposhuka ilikutana na kamba, akaing'ang'ania, wakamvuta ndani jiwe likiwa hatua mbili tu.

"Kumbe hata wewe kimoyomoyo kimekushinda," mama alimwambia Sulochana.

Ufukweni, Sulochana alivua jaketi lake la kuokolea akalikunja taratibu. Machozi yalimlengalenga. Dimri, maji yakimchuruzika, alifungua daftari. Kwenye safu ya makasia yaliyopotea aliandika: *Hakuna. Matano yametolewa sadaka.* Kisha akageuza ukurasa, akaandika huku akisoma kwa sauti.

"Kanuni ya kumi. Ni marufuku kumtaja Mama Ganga kwa sauti mtoni, isipokuwa kwa kiongozi mwenye leseni." Akainua macho. "Wewe umemtaja."

"Nimemtaja."

"Una leseni?"

"Sina."

"Basi umevunja sheria, na mimi mkaguzi siwezi kuokolewa kinyume cha sheria."

Akatoa muhuri, akaupulizia, akagonga leseni ya Sulochana kwa tarehe ya jana.