Kichwa Kisichotulia

Rimgaudas Stonkus alikuwa mwoga tangu zamani, ila woga wake alijua kuuficha chini ya koti zito na sharubu nene. Kazi yake ilikuwa kutazama vijana wakicheza mpira wa kikapu, kisha kuiandikia timu moja ya Marekani: huyu ndiye, huyu siye. Kazi ya raha hiyo, watu wa mji wake wa Telšiai walimwambia, unalipwa kwa kukaa. Wangejua. Mwokaji akikosea vipimo, mkate wa siku moja ndio umeharibika. Yeye akikosea, kuna kijana amepotezewa maisha, na jina la aliyekosea linabaki kwenye faili miaka na miaka. Alishakosea mara moja, kwa kijana wa mji wa Šiauliai aliyefika Marekani akaonekana mzigo tu, na mabosi walimwambia kwa upole kabisa kwamba kosa la pili ndilo litakuwa la mwisho. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, umri ambao Lithuania hakuna anayekupigia simu kukupa kazi mpya.

Kijana aliyemshikia roho safari hii aliitwa Eimantas Jucys. Miaka miwili nyuma, siku ile ya kiangazi ambayo timu za Marekani hugawana vijana wa dunia kwa zamu, jina lake lilitajwa la hamsini na tatu, karibu na mwisho kabisa, watu ukumbini wameshaanza kutafuta milango. Lilitajwa kwa sababu ya ripoti ya Rimgaudas, si kwa sababu nyingine yoyote. Wakamwacha huku kwao akomae, kama jibini rafuni, na haki ya kumchukua wakaiweka mfukoni. Jumapili hii bosi mwenyewe, Harlan Pruett, alikuwa anakuja kuamua. Ama ampeleke Marekani, ama waachane naye moja kwa moja.

Jumamosi asubuhi Rimgaudas alikwenda mazoezini bila kumwambia mtu. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, maana mchezaji akijua anatazamwa huwa mtu mwingine. Mazoezi yalikuwa yameisha, lakini wachezaji kadhaa walikuwa bado wanadundisha mipira na ukumbi mzima unavuma. Eimantas alikuwa peke yake kwenye benchi, anafungua kamba za viatu. Rimgaudas akamwendea kutoka upande wake wa kushoto, mkono ameshaunyoosha kumsalimia, na ule mkono ukabaki hewani.

Kwanza alidhani ni maringo. Basi tena, akasema moyoni, kijana ameshaanza kujiona yuko Marekani. Lakini Eimantas hakuwa amenuna wala hakuwa anajidai, alikuwa anahangaika na fundo la kamba tu. Rimgaudas akausogeza mkono karibu na shavu lake. Akausogeza tena. Hata mwenyewe hakujua kwa nini anafanya hivyo, mpaka vidole vyake vikawa mbele kabisa ya jicho la kushoto la yule kijana. Jicho zuri, la kijivu, halina doa. Halikupepesa.

Rimgaudas akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokipata, akaikumbuka ripoti yake neno kwa neno. Aliandika hivi: "Kichwa chake hakitulii. Anageuka, anageuka tena, anaona uwanja wote." Katika kazi ya kina Rimgaudas hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Vijana wengi huukodolea macho mpira kama paka mbele ya samaki, kwa hiyo anayegeuza kichwa huhesabiwa kuwa ana akili ya kikubwa. Na yeye, mzee mzima, miaka thelathini kwenye viti vya mbao, aliona shingo inazunguka akaandika kipaji. Kumbe mtoto wa watu alikuwa anatafuta nusu ya uwanja aliyonyimwa.

Kubwa zaidi, macho ya kijana alimpima yeye mwenyewe. Timu ilimtumia bango la herufi, akalibandika ukutani katika ukumbi wa shule. Eimantas akafunika jicho la kushoto, akasoma mstari wa chini. Kisha akafunika la kulia, akasoma mstari ule ule bila kukosea, tena upesi kuliko mwanzo. Rimgaudas akafurahi, akatia alama ya vema mara mbili, akasaini. Jamani, mstari ule ule. Hata mtoto wa chekechea angeshika herufi sita.

Sasa akainuka, akamvuta kijana kwenye chumba cha mipira, akafunga mlango.

"Hilo la kushoto linaona nini?"

Eimantas alikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita tano, lakini pale kati ya mafungu ya mipira alionekana mdogo.

"Mwanga, kocha. Kama kuna dirisha, najua kuna dirisha." Alimwita kocha, kama vijana wa huko wanavyomwita kila mzee wa kikapu. "Nimezaliwa nalo hivyo. Mama ndiye anayejua, basi."

"Na mimi ukanifanya mjinga."

"Wewe ulinionyesha mstari mmoja mara mbili. Ningefanyaje, nikukumbushe?"

Rimgaudas alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja.

"Kijana wangu, nisikilize. Kule kuna watu wa kilo mia na thelathini. Kiwiko kimoja kwenye hilo zima, na huioni tena sura ya mama yako. Hilo umeliwaza?"

"Kila usiku," alisema Eimantas. "Kocha, mimi sina kitu kingine. Shule nimeacha, ufundi sina. Karatasi ya macho wanayo tayari, ni hiyo yako, wenyewe wanahangaika na magoti na moyo tu. Nipe kesho. Kesho peke yake. Baadaye useme utakalo."

Hapo ndipo ilipotakiwa asimame mtu. Neno moja tu lilitosha: hapana. Lakini Rimgaudas alimwona Pruett akifungua lile faili, akaiona saini yake pale chini, akajiona nyumbani saa nne asubuhi ya siku ya kazi, hana pa kwenda.

"Nenda kapumzike," alisema.

Na kijana akaelewa kwamba amekubaliwa. Akamshika mzee bega, akatoka.

Mechi ilikuwa Jumapili saa nane mchana. Nje theluji imekuwa tope, ndani joto, watu wamejaa mpaka ngazini, ngoma zinapigwa. Pruett alikaa kulia kwa Rimgaudas, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya chini, ameshanunua mkate mweusi wa kukaanga na vitunguu saumu na vidole vyote vinang'aa mafuta. Magotini alikuwa na ripoti. Ile sentensi ya kichwa kisichotulia ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Unajua kwa nini nimekuja mwenyewe?" alisema. "Hii hapa. Wenzako wote huniletea urefu na mitupo. Wewe uliona kitu."

"Nilijitahidi," alisema Rimgaudas.

Mpira ukarushwa. Eimantas alicheza vizuri, na hilo ndilo lililomtesa zaidi mzee. Kichwa kulia, kichwa kushoto, pasi ya chini, kikapu. Kichwa kushoto, kulia, mtupo wa mbali, kikapu. Watu wanapiga makofi, Pruett anaguna kwa raha, na Rimgaudas hauoni hata mpira wenyewe. Anaona viwiko. Hakuwahi kujua kwamba uwanja wa kikapu una viwiko vingi kiasi hicho. Timu ngeni ilikuwa na jitu moja liitwalo Gintautas, la mji wa Panevėžys, si mkorofi hata kidogo, ila kila likidaka mpira uliogonga ubao, mikono yake ilifunguka kama milango ya ghala. Kila lilipofanya hivyo Rimgaudas alijikunja kwenye kiti.

"Unaumwa?" Pruett alimuuliza.

"Tumbo."

"Ni huu mkate wenu."

Wakati wa mapumziko alikwenda chooni, akanawa uso, akajitazama kwenye kioo. Mwambie sasa, alijiambia. Mwambie kabla ya robo ya tatu. Akarudi amepiga moyo konde, akakaa, akafungua kinywa. Pruett akamkatiza kumuuliza kama pale mjini kuna hoteli yenye maji ya moto. Rimgaudas akamjibu kuhusu hoteli, akaeleza mpaka na njia ya kufika. Alijichukia, lakini alieleza.

Dakika ya nne ya robo ya tatu mpira uligonga ubao, Gintautas akaruka, akaudaka, akageuka. Eimantas alikuwa nyuma yake, upande wa kulia. Hakuna aliyemwonea. Kiwiko kilimpata barabara juu ya shavu, na kijana akaenda chini kama gunia.

Ngoma zilinyamaza. Rimgaudas alikuwa amesimama, wala hakukumbuka kusimama. Daktari wa timu, mama mmoja mfupi aliyeitwa Aldona, alipiga magoti pale sakafuni na barafu yake. Alipouondoa mkono wa Eimantas usoni, jicho la kulia lilikuwa limevimba na kufumba kabisa, kope zimekuwa za zambarau.

"Pole, mwanangu, hilo litafunguka baada ya siku mbili," alisema Aldona. Alizoea uvimbe kama huo. Akainua vidole mbele ya jicho la kushoto. "Na kwa hili, vingapi?"

"Viwili," alisema Eimantas.

Vilikuwa viwili. Madaktari wa viwanjani huinua viwili siku zote, na kila mchezaji anajua. Kocha wa timu akainama, akamuuliza kama anaweza kuendelea, kijana akasema anaweza. Mwenzake akamvuta mkono akasimama. Ukumbi mzima ukamwimbia jina. Wakamkalisha kwenye benchi dakika mbili, Aldona akambandika plasta, kisha kocha akamwashiria arudi.

"Una roho ngumu, kijana," alisema Pruett kwa sauti yake ya chini, anacheka peke yake. Akakunja ripoti, akaitia mfukoni. "Basi, imekwisha. Nampeleka. Hongera, mzee, safari hii umepata."

Maneno hayo Rimgaudas aliyangoja miaka tisa, tangu yule kijana wa Šiauliai. Aliyasikia vizuri sana. Lakini macho yake yalikuwa kwenye benchi, kwa kijana aliyenyanyuka polepole, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza ya waamuzi, vidole vinausoma ule ukingo mpaka mwisho wake, kisha vinasita mahali meza ilipoisha. Watu elfu mbili walimwona shujaa anavuta pumzi. Mtu mmoja tu humo ndani alijua kwamba hajui hata uwanja uko wapi. Na refa alishatia filimbi mdomoni.

Rimgaudas akashuka. Alikanyaga miguu ya watu, akamwaga kahawa ya mama mmoja, akatukanwa, hakusikia. Hofu ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe. Akafika chini, akavuka mstari ambao mtazamaji haruhusiwi kuvuka, akasimama mbele ya Eimantas, uso kwa uso, akamshika mkono.

"Nani?" aliuliza Eimantas.

Rimgaudas akamsogelea zaidi.

"Ni mimi, mwanangu. Stonkus."

"Niachie, kocha. Dakika chache tu zimebaki kwenye robo. Nionyeshe upande tu, uniachie."

Rimgaudas akamgeukia Aldona, akasema kwa sauti, ili asipate tena nafasi ya kuimeza. "Hili la kushoto halioni. Halijawahi kuona. Mimi ndiye niliyempima, na nilimpima vibaya, na tangu jana najua na nimenyamaza. Sasa hivi huyu haoni kitu."

Kocha wa timu alimtazama kama mtu anayetazama mlevi. Refa akatoa filimbi mdomoni. Nyuma yake Rimgaudas akasikia sauti ya chini ya Pruett, aliyekuwa ameshuka kumfuata, akiuliza kwa Kiingereza mzee anasema nini. Akamfasiria mwenyewe, yote, pamoja na jana. Pruett akatoa ripoti mfukoni, akaitazama, akampa Rimgaudas, akapanda kurudi kuchukua koti lake.

Wakamkalisha Eimantas kwenye kiti nyuma ya meza. Sasa Aldona hakuwa na utani. Alinawa mikono, akaomba tochi, akaanza kuzitenganisha zile kope zilizovimba kwa vidole gumba viwili, taratibu sana, na kijana akashika viti vya pembeni asipige kelele. Rimgaudas alisimama kando akiwa na ile karatasi mkononi. Hakuwaza kazi. Hakuwaza hata jina lake. Aliomba kitu kimoja tu, na aliomba kwa maneno ya mtoto, maana mengine hayakumjia.

"Niambie unaona nini," alisema Aldona.

Jicho likazunguka polepole.

"Damu," alisema Eimantas. Kisha, "Tochi. Naona tochi. Na pete yako."

Aldona akashusha pumzi, akasema Mungu mkubwa, akasema lazima apelekwe hospitali sasa hivi hata hivyo. Rimgaudas akajishika kwenye meza. Machozi yalimtoka hadharani, mbele ya mji mzima, na hakuyafuta.

"Kocha," alisema Eimantas.

"Nipo."

"Umewaambia wote? Na yule Mmarekani?"

"Nimewaambia."

Kijana alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeulizia saa na akajibiwa. Lile jicho lake la kulia, jekundu, lililobakiwa na ufa mdogo tu, lilimtazama mzee kutoka juu mpaka chini. Kisha akajigeuza kwenye kiti, polepole kwa sababu ya maumivu, mpaka Rimgaudas akabaki upande wake wa kushoto, na hapo akatulia.